Magamba Ndani ya Ampli

Kijana wa redio alinipigia simu asubuhi, nikiwa nageuza samaki juu ya mkeka. Jina lake Chanda. Hewani ana sauti ya kubembeleza, lakini kwenye simu anapiga kelele kama mtu anayeita mtumbwi ulio mbali. "Mama Odeti, Bashi Koswe amekufa. Bibi yake anaomba weye njo uandike komunike ya kifo. Anasema ulitumikaka naye." Nikakaa chini palepale, kwenye mchanga wa Kashikishi, mikono imejaa magamba. Bashi Koswe ni Kibemba, maana yake Baba Panya. Chanda hakusema kwa dharau, maskini. Mwaka jina hilo lilipoanza alikuwa hajazaliwa, na hilo ndilo jina pekee analolijua. Watoto wote wa Nchelenge wamekua wakimwona mzee mwembamba kwenye kibanda cha kutengeneza simu, wakimwita Bashi Koswe, na yeye akiitika. Jina lake alikuwa Ba Mulenga. Alikuwa fundi wa kwanza wa redio yetu, na jina la panya alilipata kwa sababu yangu. Neno hilo nimekaa nalo mdomoni miaka mingi kuliko niliyokaa na marehemu bwana yangu, na sikuwahi kulitema.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimevuka ziwa Mweru kutoka Kilwa, ile ya Kongo, na mambo ya kwa nini nilivuka niyaache, kila mmoja wetu ana yake na yote yanafanana. Nilikuwa nauza chisense, wale samaki wadogo kama kucha wanaoanikwa mchangani, pamoja na wanawake wengine wa Kongo. Siku moja Ba Mulenga akaja sokoni na kitabu kinene kwapani. Alikuwa mtu wa makamo, shati limepigwa pasi, kofia ya kitambaa kichwani. Kiswahili chake kilikuwa cha biashara, alikiokota Kasenga, ng'ambo, akiuza nyavu. Akasimama katikati ya wanawake akauliza kwa heshima ya Kibemba, "Mukwai, nani hapa anajua Kifaransa ya kitabu? Ya kutukana hapana, hiyo munajua bote." Wanawake wakacheka mpaka wakashikana mabega, kisha wakanisukuma mbele, kwa sababu nilikuwa nimefika karibu na mwisho wa sekondari. Redio mpya ilikuwa imepewa msaada wa ampli, mashine ile inayoichukua sauti ndogo ya studio na kuitia nguvu mpaka ivuke maji, lakini ilitoka nchi ya Kifaransa na kitabu chake kilikuwa cha Kifaransa. Ba Mulenga alisoma Kiingereza kama mchungaji anavyosoma Biblia. Kifaransa kilimtoa jasho.

Chumba cha mitambo kilikuwa stoo ya zamani nyuma ya studio, hatua nne kwa tatu, dirisha moja lenye wavu. Ukuta wa studio ulikuwa umebandikwa trei za mayai ili sauti isirudi, na kwa muda mrefu palinuka gundi na kuku. Kabati la chuma lilikuwa tayari limefungwa sakafuni, na waya mnene wa shaba ukitoka kwenye mguu wake kwenda kuzikwa nje kwa ajili ya radi. Ampli ilibebwa na wanaume wanne. Ilikuwa pana, bapa, nzito bila aibu. Waliisukuma kwenye reli za kabati sentimita kwa sentimita, Ba Mulenga akiwakemea kwa Kibemba, "Panono panono!", polepole, na mimi nimesimama mlangoni na kitabu kama mtoto wa altare. Kila ukurasa alinisomesha mara tatu. Kwanza anteni, ndipo umeme. "Ampli bila anteni," aliniambia, "ni mutu anapiga kelele na kichwa iko ndani ya ndoo. Sauti yake inamurudilia." Kisha hewa. Mbele kulikuwa na sponji la kuchuja vumbi, ndani feni mbili, nyuma tundu la kutolea joto. Nilisoma kwa sauti yangu mwenyewe, na nakumbuka hata kidole changu kilikuwa wapi kwenye ukurasa: tundu lisizibwe, feni zisitumike bila sponji, na mashine ikijizima kwa joto iachwe ipoe mpaka mtu aweze kuweka kiganja juu yake na kuhesabu ishirini. Ba Mulenga akanirudia, "Ishirini, Ba Odeti. Kumi na tisa hapana." Alimwita kila mtu Ba, kwa heshima, hata mimi niliyekuwa naosha samaki wa watu.

Siku tuliyoiwasha, mtu wa kisiwa cha Chisenga alivuka kuja kutuambia kwamba sauti imefika, tena imefika inaeleweka. Ba Mulenga alivua kofia. Kwa watu wa ziwa redio haikuwa muziki, ilikuwa komunike. Mtu akifa Nchelenge au Puta, ndugu zake wako visiwani kwenye kambi za uvuvi, siku hizo hawana simu, na maiti haingoji. Basi jina linasomwa hewani mchana na jioni, na majina ya wanaotakiwa kuja, mmoja mmoja. Nimeona watu wakiacha nyavu majini kwa sababu ya komunike. Ba Mulenga alilijua hilo kuliko sisi wote. Alikuwa na daftari la matengenezo, na kila Jumatatu aliandika humo joto la ampli, nguvu inayotoka, nguvu inayorudi, sponji limeoshwa na nani.

Mchana nilikula kwake. Mke wake, Mama Astrida, alikuwa mtu wa Kilwa kama mimi, na bukari yake, ugali wa muhogo, na sombe ya kisamvu vilinifanya nisahau kwamba niko ugenini. Tulikula barazani, sahani moja ya wanawake na moja ya Ba Mulenga, na Mama Astrida hakumpa nafasi ya kumeza. "Huyu bwana anapanguza mashini kuliko anapanguza batoto," aliniambia, yeye akisikia. "Siku moja nitalala mu ile kabati, labda ataniona." Ba Mulenga alicheka mabega yakitikisika bila sauti. Alikuwa mtu wa kuchekwa nyumbani na kuheshimiwa barabarani, na hali hiyo ilimfaa. Binti yao mkubwa, Astrida, alikuwa amepata nafasi ya kusoma Mansa, na jambo hilo lilirudiwa katika kila mlo kama chumvi.

Mvua ya mwaka ule ilikuja na kukaa. Wavuvi walikuwa wanaleta chisense kwa wingi na jua hakuna. Samaki waliolala mkekani siku mbili waligeuka uji, na harufu yake ilitufuata hadi kanisani. Mimi bado nilikuwa na samaki wangu pembeni, maana kazi ya redio haikunishibisha. Sasa, niseme ukweli wote. Kule nyuma ya ampli hewa ilitoka kavu na moto, siku nzima, inapotea bure. Ba Mulenga mwenyewe aliwahi kuning'iniza kofia yake iliyolowa pale, dakika tano, akaiondoa akiona haya. Niliona kofia ile ikikauka. Akili ya mwuza samaki haina breki.

Wiki hiyo alisafiri kumpeleka Astrida shuleni Mansa, siku tatu. Aliniachia ufunguo. "Weye na mashini," alisema, "musigombane." Basi lilikuwa halijafika hata njia panda, nikaingiza ungo wa kwanza. Nikaona kazi inakwenda vizuri. Samaki wanalia kama majani makavu. Siku ya pili nikaleta nyungo tatu, moja juu ya nyingine kwenye viti, zikaziba mgongo wote wa kabati. Feni zikawa zinasukuma kwa shida. Na mimi, msomaji wa Kifaransa, nikafikiri: sponji ndilo linapunguza upepo. Nikalitoa. Aka! Ni kweli upepo uliongezeka. Chisense wakikauka hutoa magamba na vumbi la mafuta, na chumba kilikuwa kidogo, dirisha nimelifunga kwa ajili ya mvua. Hewa ile ile iliyotoka nyuma ilizunguka ikaingia mbele.

Siku ya tatu, baada ya saa sita mchana, taa nyekundu ikawaka na ampli ikajizima. Saa ya komunike ilikuwa inakaribia. Sikuweka kiganja wala sikuhesabu. Nilibonyeza kitufe cha kuwasha, ikaamka, ikajizima. Nilibonyeza tena. Mara ya tatu nikasikia mlio mdogo, kama punje ya mahindi kwenye kikaango, na harufu ikatoka ambayo kila fundi duniani anaijua na hakuna anayeisahau. Nikaanza kulia huku nabeba nyungo kwenda nje. Nilifagia sakafu, nikafungua dirisha, nikarudisha sponji mahali pake. Yote hayo niliyafanya haraka na kwa usafi mkubwa. Uzembe wangu ulikuwa wa siku tatu, lakini uongo ulinichukua robo saa tu.

Ba Mulenga alirudi jioni hiyo, mguu umevimba kwa safari, hata nyumbani hakupita. Alifungua kifuniko, skrubu moja moja ndani ya kofia yake. Feni moja ilikuwa imekwama, transista mbili zimeungua. Akaingiza kibano akatoa kitu, akakiweka kwenye kiganja, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Yalikuwa magamba yaliyogandana na mafuta, meupe. "Ba Odeti. Hii nini?"

"Sijue," nikasema. "Labda panya. Panya njo ilibeba kitu humo."

Alinitazama. Hakuwa mtu wa kukodoa macho. Alinitazama kama anayesoma kipimo, anayengoja mshale utulie. "Panya," akasema. Akachukua daftari na kuandika. Nimejiuliza maisha yangu yote kama aliniamini. Mtu aliyezaliwa ufukweni mwa Mweru hawezi kushindwa kujua gamba la chisense. Lakini pia mtu anaweza kuamua kuamini, kwa sababu yule mwingine ana miaka ishirini na miwili na hana pengine pa kula.

Transista zilipaswa kutoka Lusaka, na hazikuja upesi. Ba Mulenga aliunganisha anteni kwenye kisanduku kidogo kinachotangulia ampli na kuilisha sauti dhaifu, kikaturusha peke yake. Mjini tulisikika. Chisenga haikusikia kitu. Alilisema hilo kwa mwenyekiti wa komite, mwalimu mstaafu, na mwenyekiti akaitikia kichwa, na watu wakaendelea kuleta komunike zao, maana redio walikuwa wanaisikia wenyewe majumbani.

Kabwe alikuja siku ya nne baada ya ampli kuungua. Mvuvi wa Chisenga, mtu mkubwa, miguu mitupu, kikapu cha samaki wa kuchomwa kimefunikwa kitambaa safi. Alisimama mlangoni mwa studio bila kubisha. "Komunike ya mama yangu mulisoma?"

"Tulisoma, papa," mtangazaji akamjibu. "Mara tatu."

"Redio yangu iko muzima. Betri ni mupya. Sikusikia kitu." Hakuinua sauti. "Nimefika leo na samaki yake, ile anapendaka. Nakuta kaburi. Juzi banamuzika. Juu ya nini sikusikia? Nani njo alikula sauti yetu?" Nilikuwa nimesimama pale na kitabu cha Kifaransa mkononi. Kile kikapu alikiacha sakafuni, na hakuna mmoja wetu aliyethubutu kukigusa mpaka harufu ilipotulazimisha.

Mkutano ulifanyika ndani ya studio, chini ya trei za mayai, ambapo kila neno linakufa pale pale linapotoka. Mwenyekiti aliuliza ampli imekufaje. Ba Mulenga alisimama, kofia mikononi. "Panya, mukwai. Panya iliingia." Mtu akapasuka kicheko, na wengine wakafuata. Fundi mzima, shati la pasi, daftari la Jumatatu, na panya wamemshinda! Mtu mmoja akasema, "Bashi Koswe!" na jina likakaa siku hiyo hiyo. Mwenyekiti hakucheka. Alisema fundi alisafiri akaacha mtambo, panya wakaingia, na mtu wa Chisenga amemkosa mama yake. Kisha akanigeukia. "Dada, weye ulikuwaka hapa. Uko na neno?"

Mama wee. Neno nilikuwa nalo. Lilikuwa limefika hapa, kwenye meno. Ba Mulenga alikuwa akitazama kofia yake, hakunisaidia wala hakunizuia. Nikasema, "Hapana, papa. Sina neno." Wakamwondoa kazini kabla ya mkutano kufungwa. Na kwa kuwa kitabu kilikuwa cha Kifaransa, na msomaji ni mmoja tu, wakanipa mimi kazi yake.

Nilikuwa fundi wa redio ile kwa miaka mingi, na niseme bila haya, nilikuwa fundi mzuri. Niliosha sponji kila Jumatatu. Nilihesabu ishirini. Kwa Mama Astrida niliendelea kwenda kula hadi mwaka ulipokwisha, kwa sababu kuacha ghafla kungekuwa kusema. Ba Mulenga alinikaribisha vilevile, akaniuliza ampli inaendeleaje, kama mtu anayeulizia mtoto aliyelelewa kwingine. Nilitaka kumwambia siku ile alipouliza. Nikataka tena siku ya Pasaka. Kisha nikaolewa, nikazaa, yeye akafungua kibanda cha simu, na tulipokutana barabarani tulisalimiana kwa adabu zote. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu huyu ameshaota ndevu.

Basi asubuhi hiyo ya simu nilinawa magamba, nikaenda studio. Trei za mayai zimeondoka, kuna sponji nyeusi za kisasa, na ampli ya sasa ni ndogo kuliko mto wa kulalia. Chanda alinipa karatasi. "Lazima tuweke Bashi Koswe, mama, kama hapana, batu hawatajua ni nani." Nikamwambia tutaweka. Nikaandika, nikampa. Alisoma midomo ikicheza, akasimama katikati, akarudia. "Mama, komunike haisemake vile."

"Lelo itasema."

"Mi siwezi kusoma hii."

"Toka ku kiti," nikasema. Akatoka, kijana wa watu, akanivalisha vile vya masikioni kama anamvisha bibi yake. Nikasoma: "Familia ya Ba Mulenga, fundi wa kwanza wa redio hii, inatangaza kifo ya baba yao hapa Nchelenge. Habari imufikie mutoto yake Astrida ku Mansa, bandugu ya Puta, na batu bote ya Chisenga. Batu bengi banamujua kwa jina ya Bashi Koswe. Panya haikukuwaka. Kulikuwaka miye, Odeti, na nyungo tatu ya chisense. Miye njo niliunguza ampli, na niliulizwa, na nilinyamaza. Papa Kabwe ya Chisenga, kama ungali muzima, miye njo nilikula sauti. Maziko ni kesho." Sauti yangu haikutetemeka, na hilo nalo liliniuma. Nilikuwa nimeisoma komunike hiyo kichwani mara nyingi mno, na kila mara Ba Mulenga alikuwa hai akiisikia.

Kutoka studio hadi matangani ni mwendo mfupi. Nilipofika uani mwanamke aliyekuwa anakoroga sufuria alikuwa amesimama na mwiko juu. Mama Astrida alikuwa kwenye mkeka, kitambaa kimefungwa kichwani, redio ndogo mapajani. Nilipiga magoti mbele yake. Hakunitazama. Alizima redio kwanza, akasukuma anteni yake ndani kwa kiganja, taratibu, kama marehemu alivyomzoeza.

"Alikuwaka anajua?" nikamuuliza. Nilishindwa kujizuia.

"Sijue. Hakunisemeaka kitu. Alisema panya, nikakamata ile neno ya panya." Alipangusa redio kwa ncha ya kitenge. "Kila mvua, Odeti. Nyumba ikivuja, taa ikizima, miye namwambia: panya tu inakushinda, weye mwanaume gani? Batoto banacheka, bajirani banacheka. Naye anacheka. Mupaka hii mvua ya juzi nilimwambia."

"Mama Astrida, unisamehe."

"Mara ya kwanza nilimwambia hapa barazani, siku ile balimufukuza. Tulikuwaka tunakula bukari. Unakumbuka?"

Nilikumbuka.

"Weye njo ulichekaka nguvu kupita bote," akasema.